Mbona faili halifunguki? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu viendelezi vya mafaili

Maswali haya ndiyo yanayofika kaunta kwenye steshenari yetu hapa Mwanjelwa, Mbeya. Wanaouliza ni wanachuo, makarani wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) za kahawa kutoka Mbozi, walimu, wapiga picha za harusi na viongozi wa kwaya. Majibu yamelenga zaidi mtu mwenye kompyuta ya Windows au simu ya Android, maana ndivyo vifaa tunavyoletewa kwa wingi. Mwenye iPhone ana swali lake huko chini.

Kiendelezi cha faili ni kitu gani hasa?

Ni herufi zinazokaa baada ya nukta ya mwisho kwenye jina la faili. Kwenye "barua ya maombi.docx" kiendelezi ni docx, kwenye "harusi Tukuyu.mp4" ni mp4. Kazi yake ni kuiambia kompyuta faili hilo lifunguliwe na programu gani. Ukibofya mara mbili, Windows haianzi kwa kuchungulia kilichomo ndani. Inasoma kiendelezi, inaangalia ni programu ipi imekabidhiwa kiendelezi hicho, basi inaiita.

Fomati ni jambo jingine. Fomati ni namna data ilivyopangwa humo ndani. Kiendelezi ni kama maandishi ya juu ya gunia: ukichukua gunia la mahindi ukaliandika "Mchele wa Kyela", mteja anaweza kulibeba hadi nyumbani, lakini akilifungua atakuta mahindi. Shida nyingi zinazoletwa hapa kaunta zinatokana na mtu kuamini maandishi ya juu.

Kwa nini vingi vina herufi tatu tu?

Ni urithi. CP/M, mfumo uliotengenezwa na Gary Kildall miaka ya 1970, ulitenga nafasi nane za jina na tatu za aina ya faili. MS-DOS ya mwaka 1981 ikaurithi utaratibu huo, na ndiyo sababu .jpeg ikabanwa kuwa .jpg na .html ikawa .htm. Windows 95 ilipokuja ikaruhusu majina marefu, hadi herufi 255, lakini mazoea yalikuwa yameshaota mizizi.

Kwa hiyo .jpg na .jpeg ni kitu kilekile kabisa. Mtu asikutoze hela "kukubadilishia" kutoka moja kwenda nyingine.

Mbona kwenye kompyuta yangu sivioni hivyo viendelezi?

Windows inavificha yenyewe. Kwenye Windows 11 fungua folda yoyote, bonyeza View, kisha Show, halafu weka tiki kwenye File name extensions. Kwenye Windows 10 tiki hiyo ipo moja kwa moja chini ya View.

Mimi naona kuvificha ni uamuzi mbaya, na kila kompyuta inayopita mkononi mwangu naiwekea hiyo tiki. Sababu ni usalama. Faili linaloitwa "Ankara.pdf.exe" litaonekana kwako kama "Ankara.pdf", kumbe ni programu inayosubiri uibofye. Ujanja huu ni wa zamani. Mwezi Mei 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilianzia Ufilipino kikasambaa duniani kwa barua pepe, kikiwa na kiambatisho kilichoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Watu waliona TXT wakadhani ni maandishi tu. VBS iliyofuata nyuma ndiyo iliyokuwa hatari.

Nyimbo zetu za kwaya ziko .m4a na sabufa haizisomi. Nikizibadilisha jina ziwe .mp3, si zitasoma?

Hapana. Umebadilisha jina, ndani ni zilezile. Faili la .m4a kwa kawaida limebeba sauti ya fomati ya AAC, na kile kichipu kidogo cha elektroniki ndani ya sabufa kinajua MP3, pengine na WAV au WMA, basi. Kitasoma jina jipya, kitajaribu kulicheza kama MP3, kitashindwa na kuruka wimbo unaofuata.

Kinachowachanganya watu ni kwamba wakati mwingine ujanja huu unaonekana kufaulu. Ukilifungua faili hilohilo kwa VLC kwenye simu, linaimba vizuri. Hiyo ni kwa sababu VLC haiamini jina, inasoma yaliyomo. Mtu anatoka hapo anaapa kwamba amegeuza nyimbo kuwa MP3, anafika kanisani Jumapili, sabufa imekaa kimya.

Kinachotakiwa ni kugeuza fomati yenyewe, yaani programu ifungue sauti ya zamani na kuiandika upya kwa mpangilio wa MP3. Audacity inafanya kazi hiyo bure (kwa .m4a kwenye Windows inahitaji nyongeza ya FFmpeg), na hata VLC ya kwenye kompyuta ina sehemu ya Convert / Save. Ukiulizwa ubora, kilobiti 128 kwa sekunde inatosha kwa sabufa nyingi. Hapo dakika moja ya wimbo inachukua karibu megabaiti moja. WAV ya ubora wa CD inakula megabaiti 10 hivi kwa dakika hiyo hiyo, kwa sababu haijabanwa.

Hili liwafikie viongozi wa kwaya wanaokwenda studio: MP3 inabana sauti kwa kutupa vile ambavyo sikio la binadamu halivisikii vizuri. Kilichotupwa hakirudi. Kugeuza MP3 kuwa WAV kunakupa faili kubwa lenye sauti ileile iliyopungua. Mkimaliza kurekodi, mdai studio WAV na mzihifadhi mahali salama. MP3 ziwe za kugawa.

Nyimbo ni .mp3 halisi, na bado sabufa inasema hakuna kitu kwenye flashi.

Hapo shida haipo kwenye mafaili, ipo kwenye flashi. Flashi nayo ina mpangilio wake. Sabufa nyingi na redio nyingi za magari zinataka FAT32. Ukiwa na flashi iliyofomatiwa kwa NTFS au exFAT, redio haioni chochote. Toa vitu vyako vyote kwanza, fomati kwa FAT32, virudishe. Nasema toa kwanza, kwa sababu kufomati kunafuta.

FAT32 nayo ina kikomo chake: haibebi faili moja linalofika gigabaiti 4. Video ndefu ya harusi ikikataa kuingia kwenye flashi yenye nafasi tele, sababu ni hiyo. Flashi ya video ndefu iweke exFAT, ya nyimbo iache FAT32.

Sauti niliyotumiwa WhatsApp ina .opus. Naifunguaje kwenye kompyuta?

Kwa VLC. Ukitaka kuiweka kwenye sabufa, igeuze kuwa MP3 kwa njia iliyoelezwa hapo juu.

.doc na .docx zina tofauti gani?

DOC ndiyo fomati ya zamani ya Word. DOCX ilianza na Office 2007. Ukipata nafasi ya kuchagua, chagua .docx.

DOCX ina siri nzuri inayowafaa wanaoandika ripoti. Ndani yake ni kifurushi cha ZIP chenye mafaili madogomadogo ya maandishi ya XML pamoja na picha zako. Jaribu: toa nakala ya ripoti yako, badilisha jina la nakala hiyo kutoka .docx kuwa .zip, ifungue. Utakuta folda inayoitwa word, na ndani yake folda ya media yenye picha zote za ripoti. Kama mwenzako alikutumia ripoti ya mafunzo kwa vitendo na unahitaji picha zake, huna haja ya kupiga skrini moja moja.

Msomaji makini atauliza: si tumeambiwa kubadilisha jina hakubadilishi kitu? Ndivyo, na hapa pia hakuna kilichobadilika. Faili lilikuwa ZIP tangu siku ya kwanza, wewe umeliita tu kwa jina lake jingine. Ukilifungua faili lolote la .docx, .xlsx au .pptx kwa Notepad, herufi mbili za mwanzo ni PK. Hizo ni za Phil Katz, aliyeitoa fomati ya ZIP mwaka 1989.

CV yangu ilikuwa nzuri kwenye simu. Nimefika hapa kuprinti, imevurugika. Mmeiharibu?

Hatujaigusa. Faili la Word halibebi kwa kawaida aina ya herufi ulizotumia, linabeba jina lake tu. Kompyuta yetu ikikosa herufi hizo inaweka nyingine zinazokaribiana, mistari inasogea, ukurasa mmoja unakuwa mmoja na robo, na ile picha yako ya pasipoti inahamia juu ya "Wadhamini".

Kama kazi imekwisha na unataka kuprinti tu, hifadhi kama PDF kabla hujatoka nyumbani. PDF ilitolewa na Adobe mwaka 1993 kwa shabaha hiyohiyo, ukurasa uonekane vilevile popote utakapofunguliwa, na tangu 2008 ni kiwango cha kimataifa cha ISO. PDF inaweza kubeba herufi zake yenyewe.

Lakini ukileta PDF pekee halafu ukasema "kaka, nibadilishie hapa tarehe tu", hapo utatusumbua na sisi tutakusumbua kwa bei. PDF haikutengenezwa ili ihaririwe kirahisi. Njoo na zote mbili, .docx ya kurekebisha na .pdf ya kuprinti.

Mfumo wa maombi ya kazi unasema PDF yangu ni kubwa mno. Nifanyeje?

Kwanza tuone hiyo PDF ilizaliwaje, maana zipo za aina mbili ingawa kiendelezi ni kimoja. Iliyohifadhiwa kutoka Word ina herufi halisi. Barua ya ukurasa mmoja huwa nyepesi sana, na unaweza kutafuta neno ndani yake. Iliyotoka kwenye skana ni picha ya karatasi iliyofungwa ndani ya PDF, na picha ni nzito.

Watu wengi wanaandika barua kwenye Word, wanaiprinti, kisha wanaiskani, ndipo wanaipandisha kwenye mfumo. Kama kinachotakiwa ni saini tu, sawa. Kama hakuna saini, umelipa mara mbili ili kupata faili zito na baya zaidi. Hifadhi PDF moja kwa moja.

Vyeti lazima viskaniwe, hilo halikwepeki. Hapo angalia dpi, yaani idadi ya nukta kwa kila inchi. Karatasi ya A4 ikiskaniwa kwa dpi 300 ina pikseli, yaani vijinukta vya picha, 2,480 kwa 3,508. Ukishusha hadi 150, upana unakuwa nusu na urefu nusu, kwa hiyo pikseli zote kwa jumla zinabaki robo. Kwa cheti cha kusomwa kwenye skrini, 150 inasomeka vizuri. Mwambie anayekuskania aweke 150 tangu mwanzo. Ukiskani kwa 600 halafu ukatafuta tovuti ya kubana faili, unakuwa umepeleka vyeti vyako na namba zako zote kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua.

Usipige picha ya cheti kisha ukabadilisha jina kutoka .jpg kuwa .pdf. Mfumo unaweza kukagua mwanzo wa faili lenyewe. PDF halisi inaanza na alama %PDF, na picha ya JPG haina hizo. Itakataliwa, na wewe utabaki unalaumu mtandao.

Orodha ya wakulima imefunguka kwenye Excel lakini namba za simu zimepoteza sifuri. Na namba za NIDA zimeharibika!

Hili ndilo swali la msimu. Linaletwa na makarani wa AMCOS, na faili lao karibu kila mara ni .csv.

CSV ni maandishi matupu: kila mkulima mstari mmoja, na koma zikitenganisha jina, kijiji, simu na kilo. Haina rangi, haina fomula, haina karatasi ya pili, na haielezi kwamba safu hii ni ya namba za kuhesabika na ile ni ya namba za utambulisho. Excel ikiifungua inabahatisha. Inaona 07 na tarakimu nyingine nane, inasema hii ni namba, na namba haina haja ya sifuri mbele. Sifuri inaondoka. Simu iliyoandikwa kwa 255 ina tarakimu 12, Excel inaionyesha kwa mtindo wa kisayansi, kitu kama 2.56E+11.

Kwenye NIDA, yaani namba ya kitambulisho cha taifa, madhara ni makubwa zaidi. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Excel inatunza tarakimu 15 tu za namba yoyote, zilizobaki inazigeuza sifuri. Kama namba ziliandikwa bila vistari, tarakimu tano za mwisho za kila mkulima zimefutika, na ukishabonyeza Save hazirudi. Zenye vistari zinapona, kwa sababu Excel inaziona ni maandishi.

Kwa hiyo usiibofye CSV mara mbili. Fungua Excel tupu, nenda Data, chagua From Text/CSV, bonyeza Transform Data, kisha weka safu za simu na NIDA kuwa Text kabla ya kuziingiza. Ukimaliza hifadhi kama .xlsx, fomati ambayo inakumbuka aina ya kila safu. Faili la awali la .csv liache lilivyo, usiliguse hata kidogo, ndilo ushahidi wako.

Chama kikubwa kinachotumia .xls ya zamani kijue pia kwamba inaishia mistari 65,536. XLSX inafika 1,048,576.

Nitumie JPG au PNG?

Picha ya watu, mandhari, shamba la chai la Rungwe asubuhi: JPG. Nembo, muhuri, picha ya skrini, maandishi: PNG.

JPG, ambayo kiwango chake kilitoka mwaka 1992, inabana kwa kutupa maelezo madogo ambayo jicho haliyatambui kwa urahisi. Kwenye uso wa mtu huwezi kujua. Kwenye ukingo mkali wa herufi nyeusi juu ya karatasi nyeupe utaona vumbivumbi. Kila ukiihariri na kuihifadhi upya inatupa tena kidogo. PNG haitupi kitu, na inaweza kuwa na sehemu zisizo na rangi kabisa. Nembo ya .jpg ukiiweka juu ya bango la kijani inakuja na mraba wake mweupe, lakini ya .png iliyotengenezwa vizuri inakaa safi.

PNG ilitoka 1996 baada ya mzozo wa hataza ya mbinu ya kubana iliyotumika kwenye GIF. GIF yenyewe ni ya 1987 na imebaki kuwa ya vikatuni vinavyocheza.

Mkitutumia picha kwa WhatsApp ili tuprinti, tafadhali zitumeni kama Document. Ukituma kama picha ya kawaida WhatsApp inaibana, na ukitaka tuisafishe kwa fremu ya ukutani itatoka na ukungu.

Picha za iPhone zinakuja .heic na kompyuta haizifungui.

Tangu iOS 11 ya mwaka 2017, iPhone zinahifadhi picha kwa HEIC ili kuokoa nafasi. Nenda Settings, Camera, Formats, chagua Most Compatible, na picha zitakazofuata zitakuwa JPG. Zilizopo tayari zinabaki HEIC, hizo tutakugeuzia hapa.

Tunataka beji ya shule kwenye masweta. Fundi amekataa JPG, anadai .dst. Ni nini?

Huku kwetu, kuanzia Mbeya hadi Njombe na Makete, sweta la shule si pambo, na beji za kudarizi zina soko. Mashine ya kudarizi haisomi picha. Inasoma maagizo: sindano isogee kiasi gani kulia, kiasi gani juu, isimame wapi ili uzi ubadilishwe. DST, fomati iliyotokana na mashine za Tajima za Japani, ni orodha ya hatua hizo za sindano. Haibebi hata rangi zenyewe, inasema tu "badilisha uzi hapa", kwa hiyo andika pembeni mpangilio wa rangi na umpe fundi.

Hakuna kitufe kinachogeuza JPG ya WhatsApp kuwa DST nzuri. Lazima mtu mwenye ujuzi akae aichore upya kwa mishono. Kazi yake inakuwa rahisi kama ana nembo ya asili ya vekta, yaani .cdr ya CorelDRAW, .ai ya Illustrator au .svg. Vekta inahifadhi mistari kama hesabu, haihifadhi pikseli, kwa hiyo unaweza kuikuza kutoka beji hadi bango la geti bila kuharibika. Shule ikitengenezewa nembo, mkuu wa shule adai faili la vekta pamoja na PNG. Walio wengi wanapewa JPG moja, mchoraji anahama mji, na nembo inachorwa upya kila baada ya miaka michache ikizidi kupinda.

Kadi yetu ya mchango wa harusi ni .pub. Kwa nini haifunguki kwenye simu?

PUB ni ya Microsoft Publisher, na programu nyingine chache sana zinaielewa. Mwenye kompyuta iliyotengenezea kadi aihifadhi kama PDF. Microsoft imetangaza kuacha kuihudumia Publisher Oktoba 2026, hivyo steshenari zenye makabati ya kadi za miaka yote, sisi tukiwemo, zianze kuzitolea PDF sasa.

Video inacheza sauti tu, picha hakuna.

MP4 na MKV ni vyombo tu. Ndani kuna picha iliyobanwa kwa kodeki fulani, yaani mbinu ya kubana na kufungua, na sauti iliyobanwa kwa nyingine. Televisheni yako inafahamu chombo na sauti, lakini haifahamu kodeki ya picha. Mara nyingi picha ni ya H.265 na televisheni inaishia H.264. Mpiga picha akutolee upya kwa H.264.

Nimepakua fomu, imekuja na .crdownload.

Haijamaliza kupakuliwa. Chrome inaweka kiendelezi hicho kwa muda hadi faili likamilike. Pengine bando lilikata katikati. Kubadilisha jina hakutaleta nusu iliyobaki, pakua upya.

Faili halina kiendelezi kabisa, au lina .bin. Nitajuaje ni nini?

Hapa ndipo kubadilisha jina kunapokuwa dawa. Fungua Notepad kwanza, kisha uburute faili humo ndani. Utaona takataka nyingi, usizijali, tazama mwanzo tu. Ukiona %PDF, lipe .pdf. Ukiona PNG ndani ya herufi tatu nne za kwanza, ni .png. JFIF au Exif karibu na mwanzo ni .jpg. Rar! ni .rar. PK inaweza kuwa ZIP ya kawaida au hati za Office, anza na .docx kama ulitarajia barua. Funga Notepad bila kuhifadhi.

Ukiona MZ, simama. Hizo ni herufi za Mark Zbikowski wa Microsoft, na ndizo zinazofungua mafaili ya programu za Windows. Kama mtu alikuambia anakutumia picha na faili linaanza na MZ, lifute.

Mafaili yote kwenye flashi yamegeuka kuwa shortcut. Kazi zangu zimepotea?

Mara nyingi zipo, zimefichwa tu. Kirusi kimeficha folda zako na kuweka badala yake vijifaili vya .lnk vyenye majina yaleyale. Ukibofya kimoja, unakiwasha kirusi kwanza. Kwa hiyo usibofye. Skani flashi kwa antivirusi, kisha fungua Command Prompt uandike hivi, ukibadilisha E iwe herufi ya flashi yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda zako zitatokea. Nakili kazi zako tu, acha .lnk na chochote cha .vbs au .exe usichokijua, fomati flashi. Na kompyuta uliyochomeka mwanzo nayo ikaguliwe, la sivyo kesho utarudi.

Kila faili limepata kiendelezi cha ajabu na kuna ujumbe wa kudai pesa.

Hapo mafaili yamefungwa kwa msimbo wa siri. Hii ndiyo kazi ya WannaCry iliyovuma Mei 2017, iliyokuwa ikibandika .WNCRY mwishoni mwa majina. Kuondoa kiendelezi hakusaidii, kwa sababu safari hii cha ndani kimebadilishwa kweli. Chomoa kompyuta kwenye mtandao, usichomeke flashi wala diski ya akiba. Jaribu tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa 2016 na Europol, polisi wa Uholanzi na kampuni za usalama. Ina funguo za bure za baadhi ya aina. Baadhi tu. Mwenye nakala ya akiba iliyokaa nje ya kompyuta ndiye anayelala usingizi.

Nimetumiwa mwaliko wa harusi wenye .apk.

APK ni programu ya Android. Mwaliko unakuja kama picha au PDF. Usiifungue, hata kama jina la aliyeituma unalifahamu. Mpigie kwa simu ya kawaida umuulize, huenda akaunti yake imeibwa.

Mnaweza kuprinti ramani ya nyumba ya .dwg?

DWG ni ya AutoCAD na hapa hatuna AutoCAD. Fundi aliyechora akutolee PDF yenye skeli na ukubwa wa karatasi ulioandikwa. A4 na A3 tunatoa. A1 inahitaji plota, yaani printa ya karatasi kubwa, na ukiiprinti kwetu kwa A3 vipimo vya skeli iliyoandikwa pale havitakuwa kweli tena, kwa hiyo usimpe fundi mwashi karatasi hiyo apimie kwa rula.